Kifaa Chenu Kinausingizia Ukuta Wangu

Kitongoji cha Mlimbile,
Milima ya Uluguru,
S.L.P. hatuna, barua zote kwa mkono wa bodaboda,
Morogoro.

Jumatano, 16 Aprili 2025

Kwa Mratibu,
Mradi wa Kupima Nyufa za Nyumba za Miteremkoni,
Morogoro Mjini.

Ndugu Mratibu,

YAH: KIFAA CHENU KUNICHONGANISHA NA MKE WANGU, MAMA MKWE, MJOMBA WA MKE WANGU NA MLIMA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Sijui umri wako. Kama umenizidi, shikamoo. Kama nimekuzidi, marahaba, maana naamini ungeniamkia.

Mimi naitwa Sufiani, fundi mwashi wa miaka ishirini na sita kazini, mtu wa Gairo kwa kuzaliwa na wa Mlimbile kwa kuoa. Madarasa mawili ya shule ya msingi iliyopo hapa nimeyajenga mimi, na mpaka leo watoto wanasoma humo bila kofia ngumu. Naandika nikiwa na akili timamu, nikiwa nimekunywa chai, na nikiwa sina ugomvi wowote na elimu. Ugomvi wangu ni na kitu kimoja tu, kile kifaa mlichokifunga kwenye ukuta wa nyumba yangu mwezi wa Januari. Hadi leo kimeshatoa taarifa mia moja na kumi na nne juu yangu, na hakuna hata moja iliyonisifu.

Nimeyapanga malalamiko yangu kwa namba ili msipate kisingizio cha kuyajibu nusu nusu.

1. Kuhusu namna kifaa kilivyoingia nyumbani

Mhandisi wenu, binti Devotha, alikuja na barua ya ofisi ya kijiji. Aliamkia kila aliyestahili kuamkiwa, akanywa chai vikombe viwili na akala magimbi. Kwa adabu yake sina neno. Alitueleza kwamba udongo wa mteremko wetu umeanza kuteleza polepole, kwamba masika huenda yakauharakisha, na kwamba anatafuta nyumba zenye nyufa ili azipime mapema, watu wapate muda wa kutoka.

Nikamwambia nyumba yangu haina ufa, ina alama. Akaniomba aione hiyo alama. Ilianzia kwenye kona ya dirisha ikashuka mpaka kwenye msingi, na kidole changu cha mwisho kilikuwa kinaingia bila kusukumwa. Devotha aliitazama kwa furaha ambayo sijawahi kuiona kwa mgeni yeyote aliyekuja kutazama kazi yangu. Kisha akatoa drili, akatoboa ukuta matundu mawili, moja upande huu wa alama na moja upande ule, bila kuuliza ukuta huo umejengwa na nani.

Umejengwa na mimi.

2. Kuhusu tabia ya kifaa chenyewe

Nilimwomba anieleze kinavyofanya kazi, kwa sababu si haki fundi kuchunguzwa na kitu asichokijua. Alinieleza vizuri, nami nitamtendea haki kwa kuyaandika kama alivyoyasema.

Kuna kipande chembamba cha chuma kilichopindwa kama upinde. Mguu mmoja wa upinde umefungwa kwa skrubu upande mmoja wa ufa, na mguu wa pili upande mwingine. Kwenye tumbo la upinde kimegandishwa kikanda kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, na ndani ya kikanda kuna waya mwembamba uliokunjwa kwenda na kurudi mara nyingi. Ufa ukipanuka, upinde unanyooka. Upinde ukinyooka, waya unavutika, unarefuka na kukonda, na umeme unapita kwa shida zaidi kuliko mwanzo. Shida hiyo inaitwa ukinzani, na inapimwa kwa omu. Waya wenu una omu mia tatu na hamsini. Ukuta ukisogea kidogo, zinakuwa mia tatu na hamsini na nukta sifuri mbili.

Ndugu Mratibu, nukta sifuri mbili. Nimewahi kuwapelekea watu matofali mia tatu na hamsini na kipande, na hakuna aliyenifuata nyumbani kuniuliza kipande kimetoka wapi.

Nikamwambia Devotha kwamba tofauti hiyo haionekani kwa kipimo chochote cha dukani. Akakubali. Akasema ndiyo maana wanafunga vikinzani vinne, kile kikanda kikiwa kimojawapo, kwa umbo la mraba, mpangilio wanaouita daraja. Umeme unaingizwa kwenye kona mbili zinazotazamana, na kwenye kona mbili zilizobaki wanatafuta tofauti. Vyote vinne vikikubaliana, jibu ni sifuri. Kimoja kikienda kinyume na wenzake, hata kwa unene wa unywele, sifuri inavurugika, na kisanduku kilichofungwa ukutani kando ya upinde kinaikuza ile tofauti mara elfu moja ili ionekane.

Hapa ndipo niliposhtuka. Nimekaa kwenye baraza la usuluhishi la kitongoji hiki kwa miaka kumi, na kazi yetu ni kulichukua jambo kubwa na kulifanya dogo mpaka watu wapeane mikono. Ninyi mmetengeneza chombo cha kulichukua jambo dogo na kulikuza mara elfu moja, mkakifungia na paneli ya sola ili kisichoke. Kama mke wangu angekuwa ananipima kwa kipimo cha namna hiyo, ndoa yetu isingevuka wiki ya harusi.

3. Kuhusu yule ndugu yake asiyefanya kazi

Pembeni ya upinde, Devotha alibandika kipande kingine cha chuma kilekile, chenye kikanda kilekile, lakini hakikufungwa huku na huku. Kimening'inia tu. Hakivutwi, hakisukumwi. Nikauliza kazi yake nini. Akasema kazi yake ni kutofanya kitu. Jua likichoma ukuta, chuma kinapata joto na ukinzani unabadilika, na kifaa kinaweza kudhani ufa umepanuka. Sasa huyu asiyefanya kazi naye anapata joto lilelile, mabadiliko yake yanayafuta ya mwenzake, na daraja linabaki kwenye sifuri.

Nimelitafakari jambo hili kwa miezi mitatu. Mtu wa namna hii namjua, yupo kwenye kila kamati niliyowahi kukaa, na yeye pia hutuambia kwamba bila yeye mambo yangeharibika. Lakini la kuniumiza zaidi ni hili: maana yake kifaa chenu kinaweza kusamehe. Jua likiugusa ukuta kinanyamaza, kinasema hilo ni joto tu, lipite. Mimi ndiye sisamehewi.

4. Kuhusu ushahidi

Kwa maelezo yenu wenyewe, kifaa hakipimi kitu kilivyo. Kinapima tofauti. Upande huu na upande ule hazilingani, basi. Sasa naomba kuuliza kwa heshima, nani alithibitisha kwamba aliyesogea ni ukuta wangu? Ndani ya kisanduku mmefungia vikinzani viwili ambavyo hakuna mtu anayeviona wala kuvihoji. Kwa nini isiwe wao ndio waliosogea, kisha wakanisingizia mimi niliye nje kwenye mvua?

Na hata kama ni kweli upande mmoja wa ufa umesogea, upande huo ni ule wa bondeni, uliosimama juu ya udongo ambao Devotha mwenyewe alisema unateleza. Kwa hiyo aliyetembea ni mlima. Nusu ya ukuta wangu imebaki mahali pake kwa uaminifu, na nusu nyingine imechukuliwa. Mtu aliyechukuliwa hawezi kuitwa mzururaji.

Nimefanya uchunguzi wangu kwa zana zisizohitaji betri. Nilishusha timazi kutoka kwenye lenta ya juu ya dirisha, na uzi ulinionyesha ukuta umenyooka kabisa, ukiondoa vidole viwili. Nimeziba ule ufa kwa simenti mara tatu, kama fundi yeyote mwenye sifa anavyofanya, na mara zote tatu simenti ilishika vizuri sana kwa upande mmoja.

5. Kuhusu fedheha ya mama mkwe

Devotha aliniomba namba za simu za watu watatu, ili kifaa kiweze kuwatumia ujumbe. Nilitoa yangu. Mke wangu Mwaisha akatoa yake. Ya tatu ikawa ya Mjomba Hatibu, kaka wa mama mkwe wangu na mkubwa wa ukoo wao, kwa kuwa kiwanja ni cha kwao. Sikufikiria madhara yake siku ile.

Mwezi wa Februari tulisoma maulidi nyumbani, kumshukuru Mungu kwa binti yetu Yasmin kupona homa ya muda mrefu. Sebule ilijaa. Mama mkwe wangu, Bi Hidaya, ambaye ni mtu mzima mwenye mwili wa heshima, alikaribishwa mkekani akaegemea ukuta. Alipotulia tu, simu tatu zikalia kwa pamoja.

Mimi ningeinyamazisha yangu na mambo yakaisha. Lakini Mjomba Hatibu hasomi bila miwani, na miwani aliiacha nyumbani, hivyo akampa simu jirani yake amsomee. Jirani yake alikuwa ustadhi, mwenye sauti iliyozoea msikiti mzima. Akasoma: "Ufa umeongezeka milimita sifuri nukta sifuri tatu. Tahadhari." Watu wote wakageuka, na wote wakamtazama mtu mmoja.

Bi Hidaya akanyanyuka kwa utulivu mkubwa, akahamia ukuta wa pili. Tukasubiri. Ujumbe haukuja. Ndugu Mratibu, bora ungekuja. Ule ukimya ulikuwa kama mhuri. Tangu siku hiyo Bi Hidaya hajaegemea kitu changu chochote, na akija kututembelea anasalimia akiwa amesimama uani.

6. Kuhusu adhana

Kisanduku kinalia hata adhana ikiendelea.

7. Kuhusu mke wangu

Hili ndilo kubwa, na naomba mlisome mkiwa mmekaa.

Kwa Waluguru wa huku ardhi ni ya lukolo, yaani ukoo wa upande wa mama. Shamba la mdalasini ni la Mwaisha na ndugu zake. Migomba ni yao, na hata kijia ninachopita kwenda kuteka maji ni chao. Sisemi kwa kulalamika, walinipokea vizuri. Lakini mwanamume wa kuja, kama mimi, ana kitu kimoja tu cha kusimama nacho mbele ya wakwe, nacho ni nyumba.

Miaka kumi na minne iliyopita Mjomba Hatibu alinionyesha kiwanja akaniambia nijenge. Nilifyatua matofali kwa mikono yangu, nikayachoma kwa tanuru nililolipanga mwenyewe, mawe ya msingi nikayapandisha kutoka mtoni kwa bega. Nyumba ilipoezekwa, Mjomba alikuja kuikagua. Aligonga ukuta kwa fimbo yake mara tatu, akasikiliza, akasema, "Haya mkwe, kaa." Siku ile nikawa mtu wa hapa. Sasa ikisemwa kwamba nyumba ni mbovu, mimi sijui ni mtu wa wapi.

Baada ya Idd mvua zilikaza, na kifaa chenu kikaacha kabisa kuwa na haya. Kilianza na milimita sifuri nukta nne kwa siku. Kikaenda sifuri nukta tisa. Ilipofika moja nukta sita, Mwaisha alikuwa anazisoma zile meseji kwa sauti ndogo, anarudia namba, kisha anatazama kitanda cha Yasmin, ambacho kichwa chake kinagusa ukuta huo huo. Hakugomba. Alikunja mikeka, akamchukua Yasmin na mdogo wake, akavuka kwenda ng'ambo ya kijito kwa mama yake, ambako nyumba imekaa juu ya jiwe. Mlangoni akaniambia, "Baba Yasmin, mimi na ukuta wako hatuna ugomvi. Kile kidude kikikaa siku kumi hakijasema neno baya, nitarudi."

Niliumia. Nimemwambia mwanamke huyu kwa miaka kumi na minne kwamba nyumba ni nzima, akaniitikia. Kimekuja kikanda kidogo kuliko ukucha, kikasema kinyume kwa miezi mitatu, akakiamini. Nilikaa peke yangu sebuleni nikitazamana na kisanduku, na nilijisikia mgeni mbele yake.

8. Kuhusu matengenezo madogo niliyoyafanya

Kwa kuwa ninyi mko mbali na mna kazi nyingi, niliamua kuwasaidia. Jumanne ya wiki iliyopita nilichukua bisibisi, nikaufungua mguu mmoja wa upinde, nikautobolea tundu jipya, nikaufunga upande uleule alipo mwenzake. Sasa miguu yote miwili iko upande mmoja wa ufa, wa mlimani, ulio mtulivu. Kisha nikabonyeza kile kitufe ambacho Devotha alituonyesha, cha kurudisha kipimo kwenye sifuri.

Naomba isiitwe hila. Ninyi wenyewe mlisema daraja linapendeza vyote vinne vikikubaliana, nami nimevikubalisha. Nilimtazama yule ndugu asiyefanya kazi nikaona ndiye pekee aliyekuwa na amani humo ndani, nikampa na mwenzake amani hiyo hiyo. Tangu siku hiyo simu zetu tatu zinapokea ujumbe asubuhi na jioni, nao ni mmoja: "Hakuna mabadiliko." Mvua imenyesha siku tatu mfululizo, hakuna mabadiliko. Jiwe limeporomoka kutoka juu likavunja banda la kuku la jirani, hakuna mabadiliko. Juzi dirisha la sebuleni lilikataa kufunguka kwa sababu fremu imebanwa, na kifaa kikasimama kidete, hakuna mabadiliko. Huu ndio utumishi niliokuwa nautaka tangu Januari.

Matunda yake yameonekana. Leo ni siku ya nane. Mwaisha anahesabu, na mama yake anahesabu, na Mjomba Hatibu amenunua betri mpya ya simu ili asikose hata siku moja. Keshokutwa zitatimia kumi. Jumamosi asubuhi mke wangu na watoto wanarudi nyumbani, Bi Hidaya atawasindikiza, na Mjomba atakuja na fimbo yake kugonga ukuta kwa mara ya pili, mbele ya watu. Yasmin ameagiza kitanda chake kirudishwe palepale kilipokuwa.

9. Kuhusu ninachokiomba

Kutokana na hoja zangu zisizopingika, naomba mradi wako utekeleze yafuatayo kabla ya Jumamosi:

(a) Mnipe cheti chenye mhuri kinachosema kwamba kwa mujibu wa kifaa chenu, ambacho ni cha kitaalamu na hakijawahi kukosea tangu Jumanne ya wiki iliyopita, ukuta wangu haujasogea. Cheti hicho kitaje pia kwamba taarifa zote za kabla ya Jumanne hiyo zilikuwa za uongo, kwa kuwa kifaa kilikuwa bado hakijazoea mazingira.

(b) Muweke kiwango cha chini cha kulalamika. Napendekeza kidole kimoja cha mtu mzima, tena cha fundi. Chini ya hapo kifaa kinyamaze kama binadamu wengine.

(c) Bi Hidaya aombwe radhi kwa maandishi, kupitia zile namba tatu za simu, na asomewe na ustadhi yuleyule kwa sauti ileile.

(d) Kifaa kikishatoka kwangu, kipelekwe kunakohitajika. Napendekeza kifungwe kwenye ahadi ya mwenyekiti wetu wa kitongoji ya kutujengea kivuko cha kijito, mguu mmoja kwenye siku aliyoahidi na mguu wa pili kwenye siku ya leo, tuone kama kuna lililosogea. Nawatahadharisha tu kwamba hapo kukuza mara elfu moja hakutatosha.

(e) Hatimaye mlima uandikiwe barua ya onyo. Mtuhumiwa ni yeye. Milima ya Uluguru ni ya siku nyingi na ina heshima yake, lakini ukubwa haumpi mtu ruhusa ya kuingia kwenye kiwanja cha mkwe na kuondoka na nusu ya ukuta wake. Kama mlima hautajibu ndani ya siku kumi na nne, basi nao ufungiwe kifaa, na meseji zake watumiwe ninyi.

Nayaomba haya kwa moyo mweupe. Nisalimie wataalamu wote wa hapo ofisini, wa kupima na wa kukuza. Msalimie sana Devotha, mwambie magimbi yapo na drili aiache nyumbani. Wasalimie na wale vikinzani wawili wa ndani ya sanduku, waambie nawafahamu. Watu wa Mlimbile wote hawajambo, ila jirani yangu anawatafuta kuku wake.

Wako katika simenti na subira,

Fundi Sufiani,
Mwenye nyumba, na mkwe wa mahali hapa mpaka itakapoelezwa vinginevyo.

Nakala: Mjomba Hatibu (nitampa mwenyewe, muda ukifika).

Baada ya kusaini:

Ignas wa bodaboda ameshawasha pikipiki, nimemwomba azime kidogo.

Cheti msilete. Leteni bisibisi, na leteni upinde mrefu kuliko huu. Asubuhi ya leo nilikwenda kuurudisha ule mguu kwenye tundu lake la zamani, mahali Devotha alipoufunga Januari, na haufiki tena. Niliuvuta mpaka chuma kikakaribia kunyooka na bado ulikosa tundu kwa upana wa kidole gumba. Baada ya hapo niliingiza mkono kwenye ufa, ukaenda mpaka kwenye kifundo. Timazi sikuishusha.

Humo ndani silali. Tangu Mwaisha aondoke nalala jiko la nje.

Nimevuka kijito mara mbili kwenda kumwambia asirudi. Mara ya kwanza alinikaribisha chai, akaniambia ameifurahia nyumba yake kutulia. Mara ya pili Yasmin alinionyesha mfuko wa nguo aliokwisha kuufunga. Mara zote mbili nilirudi sijasema kitu. Kwa simu nisingeweza pia, ndiyo maana nimeandika, na mmeona wenyewe nimeandika nini mpaka nikafika hapa.

Mje kesho, au mwisho Ijumaa. Kitufe cha sifuri msikiguse. Ujumbe utakaotoka uende kwa Mwaisha kabla ya mtu mwingine yeyote, kwa sababu ninyi anawaamini. Mjomba Hatibu atakuwepo, kwa hiyo mtakapoanza kufungua skrubu nitafoka sana, na nitataja miaka yangu ishirini na sita kazini. Msinijali, endeleeni na kazi.